Kulifufua Trekta Kuukuu la Kukatia Nyasi

Katika nyanda za juu za Mbinga mvua huanza mnamo mwezi wa Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo nyasi hukua usiku na mchana, na kazi moja hurudi katika kila shule bila kukaribishwa: kufyeka. Wanafunzi hutoka na mafyekeo, huinama kwa saa kadhaa, na baada ya wiki mbili huanza tena mahali pale pale.

Si jambo geni, kwa upande mwingine, kukuta nyuma ya karakana ya shule, ya misheni au ya shamba la zamani mtambo uliokwisha kusahauliwa. Mmojawapo wa mitambo hiyo ni trekta dogo la bustani: lina injini ya petroli yenye silinda moja, kiti cha mtu mmoja, na chini ya tumbo lake sanduku la chuma lenye visu vya kukatia nyasi. Magurudumu yamelala, tangi limeshika kutu, na kuku wametaga chini ya kiti.

Je, trekta kama hilo laweza kurudishwa kazini, si kwa siku moja ya maonyesho, bali kila wiki katika msimu mzima wa mvua? Laweza, lakini kwa sharti moja. Anayelifufua hana budi kutofautisha kati ya kurudisha sura na kurudisha kazi. Sura hurudishwa kwa rangi. Kazi hurudishwa kwa kupima. Na karibu kila kipimo kinachohitajika kimo tayari katika masomo ya fizikia na kemia ya shule ya sekondari.

Tuichukue, kwa mfano wa kubuni, shule moja ya sekondari katika kata ya Kitura, wilayani Mbinga. Shule hiyo ina kiwanja cha michezo chenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 60, ina trekta kuukuu la aina iliyoelezwa, na ina mwalimu wa fizikia aliye tayari kuchafua mikono.

NYASI NA KISU

Kabla ya kuutazama mtambo, yafaa kuutazama mmea. Nyasi hustahimili kukatwa kwa sababu sehemu inayokuza jani haiko nchani bali chini, karibu na udongo. Ng'ombe akila ncha, jani husukumwa tena kutoka chini. Ukoka, ambao ndio nyasi ya viwanja vyetu vingi, una sifa ya ziada: shina lake hutambaa juu ya ardhi na kuotesha mizizi kila penye kifundo. Ukikatwa mara kwa mara, huenea ubavuni na kufunga udongo kama mkeka.

Lakini ustahimilivu huo una mpaka. Jani ndilo jiko la mmea, na jiko likiondolewa lote kwa mara moja mizizi hukosa chakula. Wataalamu wa viwanja hushauri kwamba isikatwe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Kwa hiyo, ikiwa nyasi inatakiwa ibaki na urefu wa sentimita 4, hapana budi ikatwe kabla ya kupita sentimita 6. Wakati wa mvua hiyo ni kazi ya karibu kila wiki. Hapa ndipo umuhimu wa kutegemeka unapoonekana: mashine inayowaka leo na kugoma wiki tatu haikisaidii kiwanja hata kidogo.

Mashine ya kwanza ya kukatia nyasi za bustani iliandikishwa na Mwingereza Edwin Budding mwaka 1830. Wazo lake lilitokana na mashine ya viwandani iliyokata manyoya ya juu ya kitambaa cha sufu ili kitambaa kiwe laini. Visu vyake vilizunguka juu ya pipa na kupita karibu sana na ukingo wa chuma uliotulia, kama makasi. Matrekta mengi ya bustani hutumia njia nyingine: kisu kilicholala huzunguka kwa kasi kubwa na kulipiga jani. Jani halishikwi na kitu chochote upande wa pili. Hukatika kwa sababu ya inesha yake yenyewe, yaani halipati muda wa kukimbia kabla ya kukatwa. Kasi ikipungua, jani huinama na kuraruliwa badala ya kukatwa, na ncha zake hugeuka rangi ya kahawia siku ya pili.

TREKTA LENYEWE NA SOMO LA KONGWA

Matrekta madogo ya bustani yalienea hasa Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Kampuni ya International Harvester ilianza kuuza aina yake iliyoitwa Cub Cadet mwaka 1961, na John Deere ikafuata kwa aina yake ya 110 mwaka 1963. Yote mawili yalianza na injini za nguvu-farasi 7 hivi, yaani kilowati 5.2. Chuma chake kilikuwa kinene, na sehemu zake zilifungwa kwa boliti na si kwa kubanwa moja kwa moja. Ndiyo maana mitambo ya rika hilo, hata iliyolala miaka mingi, aghalabu hufunguka.

Hata hivyo, chuma kinene peke yake hakitoshi. Nchi hii ina somo kubwa kuhusu matrekta yaliyokwisha kutumika. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea, kwa lengo la zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta mapya hayakupatikana baada ya vita; basi yakanunuliwa yaliyotumika jeshini, na hata vifaru vya aina ya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Udongo wa Kongwa ukala vyuma kama msasa, karakana hazikuwa tayari, vipuri vilikuwa vya aina nyingi zisizolingana, na madereva wengi hawakuwa wamefundishwa vya kutosha. Kabla mwaka wa kwanza haujakwisha sehemu kubwa ya mitambo hiyo ilikuwa imelala. Mpango ulifungwa mwaka 1951 baada ya kupoteza paundi milioni 36 hivi.

Kosa la Kongwa halikuwa kutumia mitambo ya zamani. Kosa lilikuwa kuitegemea mitambo hiyo kabla ya kujua nani angeitengeneza, kwa vipuri gani, na mahali gani. Kwa hiyo shule yetu ya Kitura, kabla ya kufungua boliti ya kwanza, ijiulize maswali matatu. Je, bloku ya injini ni nzima, bila ufa? Je, vipuri vinavyochakaa haraka vyaweza kupatikana Mbinga au Songea? Je, yuko mtu mmoja, mwenye jina na ratiba, atakayeutunza mtambo baada ya sherehe ya kuuwasha? Jibu likiwa "la" katika mojawapo ya maswali haya, ni heri mtambo ubaki kuwa kifaa cha kufundishia tu.

MAMBO MATATU YA INJINI

Injini ya petroli yenye mapigo manne, ambayo Mjerumani Nikolaus Otto aliifanikisha mwaka 1876, hudai mambo matatu: mgandamizo, cheche na mafuta. Fundi mwenye busara huyachunguza kwa mpangilio huo, kwa kuwa mgandamizo ukikosekana hayo mengine mawili ni kupoteza muda.

Jambo la kwanza ni kuona kama pistoni yasogea. Ikiwa imegandama kwa kutu, isipigwe nyundo. Plagi ifunguliwe, na ndani ya silinda umiminwe mchanganyiko wa dizeli na oili, kisha uachwe siku kadhaa upenye kati ya ringi na ukuta wa silinda. Baada ya hapo gurudumu zito la injini, ambalo mafundi huliita flaiwili, lisukumwe kwa mkono, mbele na nyuma, kidogo kidogo.

Pistoni ikishalegea, mgandamizo hupimwa kwa geji. Ukiwa mdogo, swali ni: hewa yatorokea wapi? Jaribio lifuatalo ni rahisi na lina mantiki nzuri kwa wanafunzi. Kijiko kimoja cha oili kimiminwe kupitia tundu la plagi, na kipimo kirudiwe. Oili huziba kwa muda nafasi iliyopo kati ya ringi na silinda, lakini haiwezi kuziba valvu. Basi mgandamizo ukipanda, kasoro iko kwenye ringi. Usipopanda, kasoro iko kwenye valvu au gasketi ya kichwa. Kipimo kimoja kimetenga sababu mbili, na hakuna kitu kilichofunguliwa bure.

Kuhusu valvu kuna jambo la kukumbuka. Injini za rika hilo zilibuniwa wakati petroli ilikuwa na risasi, ambayo pamoja na mambo mengine ilizikinga kingo za valvu zisilike. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006, na ni vyema, kwa kuwa risasi ni sumu kwa ubongo wa watoto. Lakini katika injini ya zamani nafasi ya valvu ipimwe kila msimu, maana kingo zikilika nafasi hiyo hupungua, valvu hushindwa kufunga, na mgandamizo hupotea.

Jambo la pili ni cheche. Katika injini nyingi za zamani umeme wa koili hukatwa na platini, vipande viwili vidogo vya madini vinavyogusana na kuachana. Platini ikilala miaka mingi hushika utando usiopitisha umeme. Husuguliwa kwa msasa laini, na nafasi yake hupimwa kwa geji ya mabamba; katika injini nyingi huwa karibu na milimita 0.5, lakini kitabu cha mtambo husika ndicho hakimu. Cheche ijaribiwe mbali na petroli, na mbali na tundu la plagi.

Jambo la tatu ni mafuta. Petroli ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi. Ikikaa, nyepesi huyeyuka na kupotea hewani, na baadhi ya zilizobaki huungana na oksijeni na kuwa utomvu mzito. Utomvu huo huziba jeti za kabureta, ambazo matundu yake ni membamba kuliko sindano. Kwa hiyo petroli ya zamani yote imwagwe mahali salama, kabureta ifunguliwe, na kila tundu lisafishwe kwa kiyeyushi na hewa ya pampu, si kwa waya. Waya huongeza tundu, na tundu likiongezeka kipimo cha mafuta huharibika daima.

KUTU NA TANGI

Kutu ni oksidi ya chuma iliyoshikamana na maji. Hupungua kwa asidi dhaifu, na asidi ya namna hiyo haihitaji kuagizwa ng'ambo. Maji ya ndimu yana asidi ya sitriki, na siki ina asidi ya asetiki. Tangi likishaoshwa kwa sabuni, hujazwa mojawapo ya asidi hizo pamoja na kokoto chache, na hutikiswa mara kwa mara kwa siku mbili au tatu. Baadaye husuuzwa kwa maji yaliyoyeyushwa magadi, ambayo ni alkali na huimaliza asidi iliyosalia. Kisha hukaushwa haraka na kupakwa oili ndani, ili kutu isirudi.

Hapa pana onyo lisilo na mjadala. Tangi lililowahi kuwa na petroli lisichomelewe kamwe katika karakana ya shule, hata kama limekaa tupu miaka kumi. Mvuke uliojificha katika mishono yake, ukichanganyika na hewa, hulipuka. Tangi lililotoboka litupwe, na badala yake lifungwe tangi la plastiki lililotengenezwa kwa ajili ya petroli.

Onyo la pili lahusu breki na klachi. Bitana za zamani huenda zikawa na asbesto, madini ambayo nyuzi zake huharibu mapafu. Vumbi la breki lisipulizwe wala kupigwa brashi kavu. Lilowanishwe, lifutwe kwa kitambaa, na kitambaa kifukiwe.

BERINGI HAZINA TAIFA

Wengi hukata tamaa wakidhani kwamba trekta la Marekani la mwaka 1965 linahitaji vipuri kutoka Marekani. Kwa sehemu nyingi zinazochakaa, sivyo. Beringi, mikanda na sili za oili hutengenezwa kwa vipimo vya kimataifa. Beringi yenye namba 6204 ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje cha milimita 47, na unene wa milimita 14, iwe imetengenezwa Japani, Uhindi au Uswidi. Hata namba yenyewe husema: tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, zikizidishwa kwa 5 hutoa kipenyo cha tundu kwa milimita. Beringi za familia hiyo ziko katika pikipiki, na penye pikipiki za abiria pana duka la vipuri.

Mikanda nayo ni vivyo hivyo. Mkanda wa V wa daraja A una upana wa milimita 13 juu, na wa daraja B milimita 17. Mafundi wa mashine za kusaga unga wanaifahamu vizuri mikanda hiyo. Fundi wa kijiji aliyezoea kupanga mkanda wa kinu tayari ana nusu ya elimu inayotakiwa na trekta hili. Kipuri kigumu ni kile kilichotengenezwa kwa aina hiyo moja tu, mathalani gia ya ndani. Hicho kikivunjika, hapana budi kichongwe upya katika karakana yenye mashine ya kukerezea. Ni vizuri kujua mapema karakana hiyo iko wapi na hutoza kiasi gani.

HEWA YA MILIMANI

Trekta lililowaka vizuri Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, laweza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu likipandishwa Umatengo. Si uchawi wala si ubovu. Uso wa ziwa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Nyanda za Umatengo ziko juu zaidi ya hapo kwa mamia ya mita. Tukichukua kimo cha mita 1,500 kuwa mfano, kanieneo ya hewa ni takriban kilopaskali 85, ilhali kwenye usawa wa bahari ni 101. Kila pigo la pistoni huvuta oksijeni pungufu, na nguvu ya injini hupungua kwa karibu asilimia 15. Kilowati 5.2 hubaki kuwa 4.4 hivi.

Lakini kabureta haijui kwamba imepanda mlima. Huendelea kutoa mafuta mengi kuliko hewa inavyoweza kuunguza. Huo ndio moshi mweusi. Hapa mtambo wa zamani una fadhila yake: kabureta nyingi za rika hilo zina skrubu ya kurekebisha mafuta kwa mkono. Injini ikiwa imepata moto na inafanya kazi, skrubu hukazwa kidogo kidogo mpaka moshi uishe na mlio uwe sawa, bila kuzidisha, kwa kuwa mafuta yakiwa machache mno injini huchemka na valvu huungua.

MTEREMKO

Umatengo ni nchi ya miteremko, na hapa ndipo trekta dogo linapoweza kuua. Tuseme nusu ya upana kati ya magurudumu ya nyuma ni sentimita 40, na kitovu cha graviti cha trekta pamoja na dereva kiko sentimita 60 juu ya ardhi. Likisimama kwa ubavu kwenye mteremko, litapinduka pale ambapo tanjenti ya pembe ni 40/60, yaani karibu digrii 34. Mwanafunzi atasema basi digrii 30 ni salama. Sivyo.

Kwanza, ekseli ya mbele ya trekta hubembea katikati, kwa hiyo mtambo hausimami juu ya mstatili wa magurudumu manne, bali juu ya pembetatu: magurudumu mawili ya nyuma na nukta moja ya mbele. Kadiri kitovu cha graviti kilivyo mbele, ndivyo kilivyo karibu na ukingo wa pembetatu hiyo. Pili, gurudumu likiingia shimoni au likipanda jiwe, pembe huongezeka ghafla. Tatu, kukata kona huleta nguvu ya kusukuma nje. Nne, nyasi mbichi huteleza. Ndiyo maana mitambo mingi ya kukalia hubandikwa onyo la digrii 15. Kwa trekta kuukuu na dereva mgeni, digrii 10 ni mpaka wenye hekima zaidi.

Kupima si kazi. Nusu-duara ya hisabati, uzi na kijiwe hutosha: ubao ulazwe juu ya mteremko, nusu-duara iwekwe ubavuni mwa ubao, na uzi usome pembe. Kwa digrii 15 ardhi hupanda karibu sentimita 27 katika kila mita moja ya mlalo. Palipozidi mpaka pachorwe kwenye ramani ya kiwanja na paachiwe fyekeo.

JIWE LINALORUKA

Tuseme kila kisu kina urefu wa sentimita 36 na huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Ncha yake husafiri mita 56 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Jiwe la gramu 50 likipigwa na kutoka kwa kasi hiyo hubeba jouli 78. Hiyo ni sawa na jiwe la kilo 8 lililoangushwa kutoka kimo cha mita moja, ila hili huruka mlalo, kimya, na halionekani.

Kwa sababu hiyo mawe yaokotwe kabla ya kila ukataji, wanafunzi wengine wawe mbali, na ngao ya mlango wa kutolea nyasi isiondolewe kwa kisingizio chochote. Zaidi ya hayo, matrekta mengi ya miaka ya 1960 hayakuwa na swichi ya kiti: dereva alipoanguka, visu viliendelea kuzunguka. Kulirudisha trekta "kama lilivyotoka kiwandani" ni kuirudisha pia hatari hiyo. Swichi ya kiti inayozima cheche dereva anapoinuka ni kazi ya saa chache kwa fundi umeme, na isifanywe kuwa hiari. Mtambo wa maonyesho waweza kuwa wa asili. Mtambo wa kazi ni lazima uwe salama kuliko siku ulipozaliwa. Visu vyenyewe visinolewe wala kusafishwa kabla waya wa plagi haujachomolewa.

HESABU YA FAIDA

Sanduku la visu lenye upana wa mita 1 hukata mita 0.9 likipishana na mstari uliotangulia. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, hiyo ni mita za mraba 3,600 kwa saa. Tukitoa sehemu moja ya tano kwa ajili ya kugeuka, hubaki 2,880. Kiwanja cha mita za mraba 6,000 humalizika kwa saa 2 na dakika 5.

Injini ikitoa wastani wa kilowati 3, na ikiweza kugeuza moja ya tano tu ya nishati ya petroli kuwa kazi, huhitaji kilowati 15 za joto. Lita moja ya petroli ina megajouli 32 hivi. Basi injini hula karibu lita 1.7 kwa saa, au lita 3.5 kwa kiwanja kizima. Kwa upande wa pili, tuseme mwanafunzi mmoja hufyeka mita za mraba 60 kwa saa. Kiwanja hicho hudai saa 100 za wanafunzi: darasa la watu 50 kwa saa mbili nzima, na si mara moja kwa muhula.

Mizani haiko upande mmoja. Injini ya zamani huchafua hewa kuliko mpya, ina kelele, na fedha ya petroli haina budi kutoka mahali fulani. Mashine ndogo ya kufyekea inayobebwa begani ni rahisi kununua, na hufaa miteremkoni mahali ambapo trekta halifiki. Lakini saa 100 zilizookolewa ni saa za kusoma, na trekta lililofunguliwa na kufungwa tena na wanafunzi lina faida nyingine ambayo mashine mpya, iliyofungwa katika plastiki, haina: limewafundisha kwa mikono yao mgandamizo, oksidi, tanjenti na jouli ni nini.

NYASI ZILIZOKATWA SI TAKATAKA

Umatengo lina elimu yake ya zamani kuhusu nyasi. Katika kilimo cha ngoro, mvua zinapokaribia kwisha, wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga juu ya mteremko katika miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi, hata matuta yafungamane na kuacha mashimo kati yake. Maji ya mvua hutulia mashimoni badala ya kuporomosha udongo, na nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea ya maharage na mahindi. Katika milima hii, aliyefyeka nyasi hajamaliza kazi, ameianza.

Shule iliyofufua trekta yafaa kuiga. Vipande vifupi vibaki kiwanjani, maana vinaoza upesi na kurudisha naitrojeni udongoni. Vile virefu, vya ukataji wa kwanza baada ya likizo, vipelekwe katika bustani ya shule. Kisha sanduku la visu lioshwe na kukaushwa, oili itazamwe, petroli iliyobaki ifungwe, na saa za kazi ziandikwe katika daftari linaloning'inia kwenye usukani. Daftari hilo, kuliko rangi mpya, ndilo litakaloamua kama trekta litawaka wiki ijayo.

MAZOEZI KWA WANAFUNZI

1. Kipimo cha mgandamizo cha injini kilikuwa kidogo. Baada ya kumimina kijiko cha oili kwenye silinda hakikubadilika. Ni sehemu gani zichunguzwe, na kwa nini?

2. Beringi ina namba 6205. Tundu lake lina kipenyo gani?

3. Dereva mrefu amekaa juu ya trekta, na kitovu cha graviti kimepanda kutoka sentimita 60 hadi sentimita 70. Nusu ya upana ikiwa sentimita 40, trekta litapinduka kwa pembe gani? Je, mpaka wa digrii 10 ubadilishwe?

4. Pima mteremko wa kiwanja cha shule yako katika sehemu tano kwa nusu-duara, uzi na kijiwe. Chora ramani, na uonyeshe mahali pa trekta na mahali pa fyekeo.